Vyumba Vitano Nyuma ya Stesheni

Uvumi ulianzia kisimani, na hakuna hata mmoja aliyekubali kuwa ndiye aliyeuanzisha. Ulisema hivi: wapangaji wa siku hizi, hawa walioletwa na reli, hawanyang'anyi nyumba kwa nguvu. Wanafukia kitu chini ya kizingiti, kitu kidogo tu, na tangu siku hiyo mwenye nyumba anaanza kuisahau nyumba yake. Kwanza anaacha kuingia. Halafu anaanza kubisha hodi. Mwisho anaamka asubuhi na kujikuta yeye ndiye mgeni.

Aliyeufikisha kwa Dorkasi ni Anyesi, muuza maziwa, mwanamke ambaye akiongea huwa anatazama pembeni kama anayeogopa kusikiwa, na sauti yake inafika ng'ambo ya korongo.

"Cheka tu, Mama Priska," alisema Anyesi akiinua kibuyu chake. "Nakuuliza jambo moja, halafu nakuacha uchote maji. Mumeo, Matonya, kile chumba cha mwisho cha nyumba yenu aliingia lini?"

Dorkasi alianza kuhesabu miaka kwa vidole. Wanawake wawili waliokuwa wakisubiri zamu walitazamana.

"Mwaka jana?" Anyesi alimsaidia. "Mwaka juzi? Haya, chota maji, mwenzangu. Mimi sijasema kitu."

Njia nzima ya kurudi, maji yalimmwagikia Dorkasi begani na hakuyasikia.

*

Nyumba yenyewe ilikuwa tembe refu la vyumba vitano, nyuma ya stesheni ya Dodoma, mahali ambapo miaka michache nyuma palikuwa na miiba na fisi. Gari la moshi lilipofika, wazo la kujenga pale lilikuwa la Dorkasi, si la mumewe. Sotoka, tauni ya ng'ombe, ilikuwa imepita Ntyuka, kijiji chao, ikamwachia Matonya ng'ombe tisa kati ya arobaini. Dorkasi, aliyesoma misheni kule Mvumi mpaka akaweza kusoma Injili kwa kufuatisha kidole, alimwambia mumewe: "Hawa tisa nao watakufa tukiwatazama. Tuuze wanane. Wale vibarua wa reli wanalala chini ya mabehewa. Mtu akilala chini ya behewa, chumba atakitaka tu."

Ndugu zake Matonya walicheka mpaka wakashika mbavu. Mgogo auze ng'ombe anunue udongo! Lakini Matonya aliuza. Miti ya mninga ilibebwa kutoka upande wa Makutupora, pombe ya uwele ikapikwa mitungi sita, na watu wa Ntyuka wakaja kupandisha udongo juu ya paa kama ilivyo desturi, wakiimba na kunywa siku mbili. Hivyo ndivyo nyumba ilivyopatikana. Watoto wao wawili, Priska na Nikodemo, hawakuwa na urithi mwingine wowote duniani zaidi ya vyumba vile vitano na yule ng'ombe mmoja.

Vyumba viwili walikaa wenyewe. Kimoja walipanga vibarua wa reli, waliokuja na kuondoka. Viwili vya mwisho alichukua Amiri, muuza nguo na chumvi aliyefika na gari la moshi kutoka Morogoro, mtu msafi, mwenye kanzu isiyo na doa na maneno yasiyo na haraka. Mwaka wa kwanza alitoboa ukuta kati ya vyumba vyake akavifanya kimoja. Mwaka wa pili alileta mlango wa mbao na kufuli la chuma, la kwanza katika safu nzima ya nyumba zile. Watu walikuja kulitazama. Matonya mwenyewe alijisifu: "Mmeona nyumba yangu ina kufuli?"

Ufunguo ulikuwa mmoja, na alikuwa nao Amiri.

*

"Baba Priska," Dorkasi alimwanza mumewe asubuhi iliyofuata, akiwa anamkamua yule ng'ombe mmoja. "Amiri pango lake analipaje?"

"Analipa."

"Nimeuliza analipaje."

Matonya alikuwa anachonga mpini wa shoka. Hakuinua macho. "Si unajua? Miezi tisa ananipa mkononi. Miezi mitatu anakwenda kutulipia kodi ya Boma, rupia tatu za nyumba. Ndivyo tulivyopatana tangu mwanzo. Yeye anakwenda, anapanga foleni juani, anatukanwa na askari. Mimi nakaa hapa." Akacheka. "Wenzangu wa Ntyuka mwaka jana walikamatwa kwa kukosa rupia tatu, wakapelekwa kubeba mataruma ya reli mwezi mzima. Mimi Mdachi hata sura yangu haijui. Nani mjinga hapo?"

"Na vyeti vya kodi viko wapi?"

"Anavyo mwenyewe. Mimi nivifanyie nini? Nivile?"

Dorkasi aliendelea kukamua. Ni kweli, hata yeye miaka yote mitatu jambo hilo lilikuwa limempunguzia hofu. Kila msimu wa kodi alikuwa akiwaona wanaume wa watu wakisukumwa barabarani na wake zao wakiwafuata na ugali kwenye vikapu, naye akamshukuru Mungu kwa kumpa mpangaji mwema. Kwa hiyo alipouliza habari ya vyeti aliuliza tu, na jibu lilipomjia aliliacha lipite. Akili yake ilikuwa kizingitini.

"Kile chumba chake," alisema, "wewe uliingia lini?"

"Niingie kufanya nini chumbani kwa mtu?"

"Si kwa mtu. Ni kwako."

Matonya aliacha kuchonga. Alimtazama mkewe kama anayejaribu kukumbuka jambo, halafu akasema polepole, "Siku hizi mlango una kufuli, Mama Priska."

Dorkasi aliacha kukamua. Aliona maneno ya Anyesi yametimia mbele ya macho yake.

*

Tangu hapo hakulala vizuri wala kula vizuri. Alimchunguza Amiri. Amiri akitawadha uani, Dorkasi alihesabu mara ngapi anamwaga maji na upande gani. Akifagia mbele ya mlango wake, Dorkasi alikwenda kuchungulia takataka. Mara tatu kwa siku moja alipita mbele ya kile chumba akijifanya anatafuta kuku.

"Mama Priska," Amiri alimwita siku moja kutoka ndani, mlango ukiwa nusu wazi, "huyo kuku mara hii amepotea yeye, au umepotea wewe?"

Vibarua wa reli waliokuwa wamekaa kivulini walicheka. Dorkasi uso ukamwaka.

"Natafuta jogoo," alisema.

"Jogoo yuko juu ya paa, mama, hapo juu yako. Karibu ndani basi, uhakikishe hayumo." Akafungua mlango wote, akasogea pembeni kwa adabu, kama mtu anayekaribisha mgeni nyumbani kwake. Na Dorkasi, mwenye nyumba, aliona haya kuingia. Alisema ahsante, akaondoka.

Akaenda kwa Bi Stara. Huyu alikuwa mwanamke mtu mzima wa pale mjini, mjane. Babake alikuwa mtu wa misafara ya zamani aliyeacha kusafiri akabaki. Bi Stara alikuwa na vyumba vitatu vya kupangisha, na watu walisema ana mkono wa birika.

"Shikamoo, Bi Stara."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Ndoa au tumbo?"

Dorkasi alimweleza habari ya kizingiti. Bi Stara alisikiliza huku anapepeta mtama. Dorkasi alipomaliza, Bi Stara alicheka kidogo, kicheko cha puani.

"Na mimi wapangaji wangu wamefukia?"

"Sijui, bibi."

"Mimi nakaa na wapangaji tangu reli haijafika. Nimeibiwa sufuria, nimeibiwa kuku, mmoja alitoroka na mlango. Kizingiti sijaona aliyekihangaikia." Akaacha kupepeta. "Hebu niambie, huyo Amiri mmepatana mbele ya nani?"

"Mbele ya nani tena? Alipatana na mume wangu."

"Na kodi ya Boma?"

"Hiyo analipa yeye. Hiyo haina shida, bibi, hiyo analipa vizuri kabisa."

Bi Stara aliweka ungo chini. "Mwanangu," alisema, "rudi nyumbani, mwambie mumeo akaombe vile vyeti. Leo."

"Ndiyo, bibi."

Lakini alipokuwa anasema ndiyo alikuwa anawaza: na huyu naye ni mtu wa kwao Amiri, wanaswali pamoja, ananigeuza nisiangalie kizingiti. Ndivyo shuku inavyomfanya mtu. Aliyemwambia neno la maana alimshuku, na aliyemwambia upuuzi alimwamini.

*

Amiri alisafiri kwenda Kilosa kuchukua mzigo. Alisema atakuwa huko siku nne. Alifunga kufuli, akalivuta mara mbili, akamuaga Matonya, akamuaga hata Dorkasi.

Siku ya pili, saa za adhuhuri, Matonya akiwa ameenda Ntyuka na watoto wakichunga, Dorkasi aliingia chumba cha vibarua, ambacho kilikuwa tupu kwa kuwa wenyewe walikuwa kazini. Ukuta kati ya chumba kile na cha Amiri ulikuwa wa fito na udongo kama kuta zote za tembe. Aliubomoa chini kwa jembe, akakata fito mbili, akapata tundu la kupitisha mabega. Akapita kwa tumbo.

Ndani palikuwa na ubaridi na harufu ya nguo mpya. Kitanda cha kamba. Magunia ya chumvi. Sanduku la bati lililopakwa rangi ya kijani, limefungwa kwa kamba tu. Hakulijali. Alikwenda moja kwa moja mlangoni, akapiga magoti, akaanza kuchimba chini ya kizingiti.

Alichimba mpaka kiwiko. Akachimba kushoto, akachimba kulia. Alipata kipande cha mkaa na jino la mbuzi, akavitazama sana, akavitupa. Hivyo viko kila mahali. Jasho lilimwingia machoni. Alipochoka alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya lile sanduku la kijani, akapumzika, miguu yake yenye vumbi ikining'inia, akitazama shimo. Ndani ya sanduku, chini ya makalio yake, vilikuwamo vyeti vitatu vya Boma, na yeye ndiye mtu pekee wa familia yake ambaye angeweza kuvisoma.

Alifukia shimo, akapita tena kwenye tundu, akaziba fito kwa udongo mbichi. Alipomaliza aliona udongo wake ni mweusi na ukuta ni mwekundu. Akajiambia utakauka.

Ulikauka, lakini ulibaki mweusi.

*

Amiri aliporudi hakupiga kelele. Alikanyaga udongo uliolegea kizingitini, akahesabu mizigo yake. Halafu alikuja mpaka kwenye chumba cha Matonya akabisha hodi, akamwamkia kwa Kigogo, kwa sauti ileile isiyo na haraka:

"Baba Priska, mbukwa. Naona nyumbani kwangu pamechimbwa."

"Pamechimbwa?" Matonya alisema. "Na nani?"

Amiri alimtazama Dorkasi. Kucha za Dorkasi zilikuwa bado na udongo.

"Sijapotelewa na kitu," Amiri alisema. "Nimehesabu. Lakini mtu akiingia mara ya kwanza asichukue, mara ya pili atachukua. Mimi ni mfanyabiashara. Siwezi kukaa hivi. Na pale Boma wiki hii wanaandika viwanja vyote vya nyuma ya stesheni, kila nyumba na mwenyewe. Ni heri mambo yanyooshwe huko."

"Ndiyo, yanyooshwe," Matonya alisema, kwa kuwa hakuelewa kinachonyooshwa.

Amiri alipoondoka, Matonya alimgeukia mkewe. Hakumpiga. Alisema tu, "Umeniaibisha mbele ya mgeni wangu," na lile neno mgeni alilitamka kwa unyonge sana.

*

Wiki ile askari alipita nyumba hadi nyumba. Aliyeitwa aliambiwa aje Boma na vyeti vyake. Matonya alicheka. Yeye alikuwa na kitu kikubwa kuliko cheti. Alikwenda Ntyuka akakusanya wanaume kumi na mmoja, wale waliobeba udongo wakaupandisha juu ya paa, waliokunywa pombe ile ya mitungi sita. Kwa Wagogo mambo ndivyo yalivyokuwa. Tembe ni la yule aliyewaita watu kulijenga, na mtu akipewa chumba ndani yake, hata akae miaka ishirini, ni mtu wa tembe la fulani. Hakuna aliyewahi kusikia mtu wa ndani akageuka mwenye nyumba. Ingekuwa sawa na kumwambia ndama kwamba amekuwa mchungaji.

Walifika Boma wakiwa wamejipaka mafuta, fimbo mkononi. Waliamriwa waache fimbo nje. Wakaamriwa waketi chini. Mdachi, yule Mjerumani wa serikali waliyemwita Bwana Shauri, alikuwa nyuma ya meza barazani, na karani wake akisimama kando na kitabu kikubwa. Kando ya ngazi alisimama askari na kiboko, na kila mtu pale alijua maana ya hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano vya Mdachi.

"Tembe la vyumba vitano, nyuma ya stesheni," karani alisoma. "Mwenyewe?"

"Mimi," alisema Matonya, akasimama.

"Mimi," alisema Amiri, naye akasimama, kwa upole, kama anayesikitika.

Watu wa Ntyuka walicheka. Walidhani ni mzaha. Kweli, ilichukua muda mrefu kwao kuelewa kuwa si mzaha.

"Cheti," alisema karani.

Amiri alitoa vyeti vitatu, vimekunjwa vizuri ndani ya kitambaa. Karani alivilinganisha na kitabu, akamsemesha Bwana Shauri kwa Kidachi. Bwana Shauri akatikisa kichwa kukubali.

"Miaka mitatu," karani alisema, "nyumba hii imelipiwa na Amiri bin Faki, na kitabuni imeandikwa ya Amiri bin Faki. Wewe una nini?"

"Nina watu," alisema Matonya. "Hawa hapa. Huyu alibeba udongo. Huyu alikata mninga. Huyu..."

"Nimeuliza cheti."

"Nilimtuma yeye akalipe! Ni pango langu hilo! Muulizeni!"

Karani alimgeukia Amiri. Hapo Amiri angeweza kusema neno moja na mambo yakaisha. Dorkasi, aliyekuwa ameketi nyuma na wanawake, aliona midomo yake ikifunguka, na kwa muda akaamini kuwa atalisema.

"Bwana Shauri," Amiri alisema, "mwaka wa kwanza nilifika hapa na rupia tatu. Karani aliyekuwapo akaniuliza, jina? Nikataja langu. Mimi sikuomba kuandikwa. Wanaofika ndio wanaoandikwa. Huyu mzee hakufika. Mwaka wa pili hakufika. Mwaka wa tatu hakufika. Mlango nimeweka mimi. Paa la upande wangu nimelitengeneza mimi mara mbili. Askari walipokuwa wanakamata watu, nyumba ile hawakuigusa kwa sababu ya jina langu. Sasa nisemeje?"

"Sema kweli!" Dorkasi alipaza sauti. Alikuwa amesimama bila kujijua. "Nyumba ni yetu! Ng'ombe wanane! Hata kwa Mungu inajulikana!"

Askari alimsogelea. Karani akainua mkono kumzuia askari, akamtazama Dorkasi, akafungua ukurasa mwingine ambapo Amiri alikuwa ameandikisha malalamiko yake.

"Wewe ndiye uliyebomoa ukuta ukaingia chumbani kwake?"

Dorkasi alificha kucha zake ndani ya kanga.

"Mama, nakuuliza wewe. Kama nyumba ni yako, kwa nini ulipita ukutani?"

Watu walicheka. Hata baadhi ya watu wa Ntyuka walicheka, na hilo Matonya hakulisahau mpaka kufa. Dorkasi angesema nini? Aseme alikuwa anatafuta dawa chini ya kizingiti? Mbele ya Mdachi? Mbele ya watu wa misheni waliokuwa wamekaa pale? Alikaa chini akajifunika kanga usoni.

Bi Stara, aliyeitwa naye kwa ajili ya nyumba yake, aliinuka, akasema yeye anajua tembe lile lilijengwa na nani, yeye aliuza vyungu vya kupikia pombe ile. Karani akamuuliza kama ana cheti cha tembe hilo. Akasema hana, ana vya kwake tu. Akaambiwa basi azungumze ya kwake. Bwana Shauri alikuwa ameshapiga muhuri na kuita shauri la pili. Mambo yote hayakuchukua muda wa kuchemsha maji.

*

Amiri hakuwafukuza. Hilo lazima lisemwe. Jioni ile alikuja uani, akakaa juu ya jiwe, akasubiri mpaka Matonya akatoka.

"Baba Priska, mimi si mtu mbaya. Kaeni. Chumba kimoja kinawatosha. Sitawatoza kama wengine. Rupia moja kwa mwezi."

"Rupia moja," Matonya alisema. "Nikulipe wewe."

"Vibarua wananipa moja na nusu."

Matonya aliingia ndani, akakunja ngozi yake ya kulalia. "Twende Ntyuka," alimwambia mkewe.

"Ntyuka kwa nani? Kwa nduguzo? Wana ghala lililojaa?" Dorkasi aliongea akimpa mgongo. Mvua ya mwaka ule ilikuwa imekatika kabla uwele haujachanua, na kule Ntyuka watu walikuwa wameanza kuchimba mizizi. Hapa stesheni angalau angeweza kuuza maji na uji kwa watu wa reli. "Watoto watakula nini, Baba Priska? Kicheko cha kaka zako?"

"Kwa hiyo tukae. Mimi nikiamka nimwambie shikamoo bwana mwenye nyumba."

"Wewe nenda. Usichukue ng'ombe."

Matonya alikwenda, alikaa siku tisa, akarudi amepungua. Hakusema waliyomwambia ndugu zake, na Dorkasi hakuuliza. Siku hizo tisa Dorkasi alikuwa ameuza uji kwenye mabehewa, kibuyu kwa kibuyu, Priska akimshikia vikombe, mpaka alipopata rupia nzima, na katika siku zote hizo aliwatazama watu kwa jicho jipya. Aliyemlipa, alimhesabia mbele yake. Aliyesema nitalipa kesho, alimrudishia maneno yake: kesho saa ngapi, wewe ni nani, unalala behewa gani?

Mwezi ulipoandama alikwenda kwenye mlango wa mbao. Akabisha hodi. Hakuona tena haya kubisha.

"Karibu, Mama Priska," alisema Amiri.

Dorkasi aliweka rupia juu ya gunia la chumvi, lakini hakuondoa kidole juu yake.

"Andika," alisema.

"Niandike nini, mama? Sisi si tunaaminiana? Miaka mitatu."

"Andika."

Amiri alicheka, akatazama nje kama anayetafuta mtu wa kucheka naye. Hapakuwa na mtu. Akafungua lile sanduku la kijani, akatoa karatasi na kalamu, akaandika haraka, akampa. Dorkasi aliishika karibu na macho. Akasoma kwa kidole, neno kwa neno, midomo ikicheza. Ilichukua muda. Amiri alikohoa mara mbili.

"Hapa umeandika 'nimepokea rupia moja,'" alisema Dorkasi. "Kutoka kwa nani?"

"Si kwako, mama?"

"Halimo jina."

"Nitaandika Matonya."

"Matonya hayupo hapa. Mimi ndiye niliyefika." Akairudisha ile karatasi juu ya gunia, kidole chake kingine kikiwa bado juu ya rupia. "Andika Dorkasi. Andika mwezi. Andika chumba kipi, cha ngapi kutoka mlango wako. Mimi nasubiri."

Nje, gari la moshi lilipiga kelele likiingia, na wanunuzi wa uji walikuwa wanamwita. Hakugeuka. Alisimama pale mpaka Amiri akachovya kalamu tena.

*

Wenye chumba cha kupangisha, na wenye watoto watakaokirithi, haya ndiyo ya kuepuka:

Usimwachie mpangaji akulipie kodi ya nyumba yako serikalini, hata kama anakuokoa na foleni na matusi. Nenda mwenyewe. Ukiumwa, apeleke mtoto wako.

Karatasi yoyote inayotaja nyumba yako isilale kwenye sanduku la mtu mwingine, hata usiku mmoja.

Usikubali mpangaji abadilishe mlango, paa au kufuli kabla hamjaandikiana hiyo ni mali ya nani na itakatwa vipi kwenye pango. Na ufunguo wa pili uwe kwako.

Usitegemee waliokusaidia kujenga. Watakuja, lakini wataambiwa wakae chini.

Usiingie chumba cha mpangaji kwa kificho. Piga hodi, ingia mchana, na shahidi. Ukipita ukutani umejifanya mwizi kwako mwenyewe.

Usiuze mifugo yote ukajenga nyumba moja.

Ukimshuku mtu usianze kuchimba. Anza kuuliza maswali, na yule anayekuuliza wewe maswali mazito usimchukie.

Kama katika nyumba yenu ni mke anayejua kusoma, asifichwe karatasi, na yeye asingoje kuonyeshwa.

Usione aibu kumdai maandishi mtu kwa sababu tu anakuamkia vizuri.